Jicho, Fundo na Mkondo: Maelezo ya Njia ya Macho katika Sakiti za Umeme

Mvuvi anapoutandaza wavu wake mchangani ili aushone, maneno matatu humtosha kueleza hali yake: uzi, fundo na jicho. Uzi ndio mwili wa wavu. Fundo ni pale nyuzi zinapokutana zikafungwa. Jicho ni nafasi iliyozungukwa na nyuzi pande zote, wala ndani yake hamkupita uzi mwingine. Maneno hayo hayo matatu ndiyo msingi wa njia mojawapo inayotumiwa sana na wahandisi kutafuta mikondo katika sakiti yenye nyaya nyingi, na katika makala haya njia hiyo itaitwa njia ya macho. Wala si Waswahili peke yao wanaoweza kuuona wavu katika nyaya. Wajerumani husema Masche na Knoten, Wafaransa maille na nœud, Waingereza mesh na node; na hiyo node ya Waingereza asili yake ni nodus ya Kilatini, ambayo maana yake ni fundo. Kwa hiyo anayetumia jicho na fundo kwa Kiswahili haazimi sitiari ya wengine. Anautazama wavu ule ule kwa macho yake mwenyewe.

Madhumuni ya makala haya ni kuieleza njia hiyo kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, na katika kuieleza, kuonyesha pale ambapo lugha hubeba mzigo mzito kuliko hesabu. Yafaa isemwe mapema kwamba hesabu yenyewe ni nyepesi: milinganyo miwili au mitatu ya kawaida, ambayo mwanafunzi wa shule ya upili huiweza. Makosa mengi hutokea kabla kalamu haijagusa karatasi, wakati msomaji anapoamua neno mkondo lina maana gani.

Maneno ya awali

Kati ya mafundi wa mitaani, waya huwa “una moto” hata kama hakuna taa inayowaka wala chombo kinachofanya kazi. Msemo huo haudharauliki, kwa maana unashika jambo la kweli: upo msukumo ndani ya waya unaongoja njia. Msukumo huo ndio volteji, nao hupimwa kwa volti. Mkondo ni jambo jingine. Mkondo ni mwendo wa umeme wenyewe, hupimwa kwa ampea, na haupatikani mpaka njia ifungike kutoka ncha moja ya betri hadi ncha ya pili. Maji yaliyo katika tangi lililoinuliwa juu yana msukumo hata bomba likiwa limefungwa. Mkondo huanza bomba linapofunguliwa. Lugha ya “moto” haitofautishi mambo haya mawili, na kwa kazi ya kujikinga na ajali pengine si lazima itofautishe. Lakini kwa kazi ya hesabu ni lazima.

Jambo la tatu ni ukinzani, nao hupimwa kwa omu. Kila waya, kila taa, na hata betri yenyewe kwa ndani, hukinza mwendo wa umeme kwa kiasi fulani. Na kifaa kilichotengenezwa kwa kazi hiyo tu huitwa kikinza. Mwaka wa 1827 Georg Simon Ohm, ambaye alikuwa akifundisha shule mjini Köln, alitangaza uhusiano wa mambo hayo matatu: volteji inayotumika katika kikinza ni sawa na mkondo ukizidishwa kwa ukinzani. Ampea 2 zikipita katika omu 5, volti 10 hutumika.

Uhusiano huo unatosha pale ambapo njia ni moja tu. Njia zikigawanyika na kukutana tena, na betri zikiwa zaidi ya moja, hautoshi. Aliyeliondoa tatizo hili ni Gustav Kirchhoff, ambaye mwaka wa 1845, akiwa bado mwanafunzi katika chuo kikuu cha Königsberg, alieleza sheria mbili. Ya kwanza ni ya fundo: mkondo unaoingia katika fundo ni sawa na mkondo unaotoka, kwa sababu umeme haurundikani hapo wala hauzaliwi hapo. Ya pili ni ya kitanzi: mtu akianza mahali popote katika sakiti, akazunguka kwa njia yoyote mpaka akarudi alipoanza, volteji alizopanda na volteji alizoshuka huwa sawa. Anayezunguka vilima vya Taita na kurudi mlangoni kwake hawezi kuwa juu zaidi kuliko alivyokuwa alipotoka, hata awe amepita wapi.

Kwa sheria hizo mbili sakiti yoyote ya vikinza na betri hufumbuliwa. Taabu ni wingi. Kila uzi wa sakiti, yaani kila tawi lililo kati ya fundo na fundo, una mkondo wake usiojulikana, na kila usiojulikana hudai mlinganyo wake. Sakiti yenye matawi 6 humtaka mtu aandike milinganyo 6 na kuitatua yote kwa pamoja. Hapo ndipo njia ya macho inapoingia. Jina linalohusishwa nayo zaidi ni la James Clerk Maxwell, mwanafizikia wa Skotlandi aliyefariki mwaka wa 1879.

Betri mbili na taa moja

Na ichukuliwe nyumba ambayo mwenyewe ana betri mbili. Moja ni nzima, ina volti 12. Ya pili imechoka, imebakiwa na volti 9. Mwenye nyumba anadhani kwamba betri mbili ni bora kuliko moja, kwa hiyo anaziunganisha sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ili zote mbili ziiwashe taa moja yenye ukinzani wa omu 10. Ili hesabu isiwe na sehemu nyingi, ukinzani wa kila betri pamoja na nyaya zake na ufanywe omu 1. Swali ni hili: je, ile betri iliyochoka inasaidia kwa kiasi gani?

Mchoro wake huwa na nguzo tatu zilizosimama, zilizounganishwa juu na chini. Nguzo ya kushoto ni betri nzima na omu yake 1. Ya katikati ni taa. Ya kulia ni betri iliyochoka na omu yake 1. Mafundo ni mawili, la juu na la chini. Matawi ni matatu. Macho ni mawili: la kwanza liko kati ya betri nzima na taa, la pili kati ya taa na betri iliyochoka.

Sasa, badala ya kuuliza mkondo wa kila tawi, mtu hudhania kwamba katika kila jicho kuna mkondo mmoja unaozunguka ndani yake bila kukatika, kama ng'ombe wa kinu cha mafuta azungukaye mahali pamoja. Mkondo wa jicho la kwanza uitwe J1 na wa jicho la pili J2. Yote miwili ipewe mwelekeo mmoja, ule wa mishale ya saa. (Mswahili na Mzungu huzisoma saa kwa hesabu mbalimbali, saa moja ya huyu ikiwa saa saba ya yule, lakini kwa bahati njema mishale huzunguka upande ule ule kwa wote wawili.) Uchaguzi wa mwelekeo ni wa hiari kabisa. Anayechagua kinyume hakosei. Jibu lake litatokea na alama ya hasi, na alama hiyo itamwambia kwamba mwendo wa kweli ni wa upande wa pili.

Kisha kila jicho huzungukwa mara moja kwa sheria ya kitanzi. Katika jicho la kwanza betri inapandisha volti 12. Volti hizo hushuka katika omu 1 ya betri, ambamo J1 peke yake ndiyo inayopita, na katika omu 10 za taa. Lakini katika taa iko mikondo miwili: J1 inashuka na J2 inapanda, kwa maana taa ni uzi wa pamoja wa macho mawili. Kinachopita katika taa kwa hakika ni tofauti yake, J1 kutoa J2. Hivyo:

1 × J1 + 10 × (J1 − J2) = 12, yaani 11J1 − 10J2 = 12.

Katika jicho la pili mtu akizunguka kwa mwelekeo ule ule, betri iliyochoka humjia kwa ncha yake ya chanya, kwa hiyo volti 9 zinakuwa za kushuka:

10 × (J2 − J1) + 1 × J2 + 9 = 0, yaani −10J1 + 11J2 = −9.

Msomaji ataona kwamba namba 11 ni jumla ya ukinzani wote ulioko kuzunguka jicho, na kwamba −10, ukinzani wa uzi wa pamoja, imetokea katika milinganyo yote miwili. Ulinganifu huu hupatikana daima katika sakiti za aina hii, ili mradi mikondo yote ya macho imepewa mwelekeo mmoja. Wenye uzoefu huandika milinganyo moja kwa moja kwa kuutazama mchoro, na namba za pamoja zisipolingana wanajua wamekosea kabla hawajatatua chochote.

Jibu ni J1 = 2 na J2 = 1. Kwa hiyo betri nzima inatoa ampea 2, taa inapata 2 kutoa 1, yaani ampea 1, na ampea 1 iliyobaki inaingia katika betri iliyochoka kwa ncha yake ya chanya. Betri hiyo haitoi kitu. Inanyweshwa. Kama mwenye nyumba angaliiacha nje, taa ingalipata volti 12 zikigawanywa kwa omu 11, yaani ampea 1.09 hivi. Kwa kuongeza betri ya pili ameipunguzia taa mwanga, na wakati huo huo anaimaliza betri nzima kwa kasi ya karibu mara mbili. Hesabu ya nguvu inathibitisha: betri nzima inazalisha wati 24, taa inatumia 10, omu ya betri nzima inapoteza 4, omu ya betri iliyochoka inapoteza 1, na wati 9 zinakwenda kuichaji betri iliyochoka. Jumla ni 24.

Unaozunguka na unaopita

Hapana budi kusimama hapa, kwa sababu hapa ndipo neno mkondo linapoanza kumsaliti msomaji. Katika bahari ya Waswahili mkondo una maana mbili zinazokaa pamoja bila ugomvi. Ni maji yanayokwenda, na pia ni ile njia yapitamo; ndiyo sababu Mkondo wa Pemba unaweza kuonyeshwa katika ramani hata siku ambayo maji yametulia. Mtu aliyelelewa na neno hilo, akisikia kwamba katika taa kuna mkondo wa ampea 2 unaoshuka na mwingine wa ampea 1 unaopanda, atajenga picha ya maji mawili yanayopishana katika mlango mmoja. Tena ataiona picha hiyo kuwa ni fizikia. Sivyo. Katika taa kuna mwendo mmoja tu, wa ampea 1, unaoshuka. Ameta ikiwekwa hapo itasoma 1, na hakuna ameta duniani itakayosoma 2 na 1 kando kando.

J1 na J2 ni nini basi? Ni hesabu zilizowekwa ili zirahisishe kazi, na zimechaguliwa kwa werevu mkubwa. Siri ya njia yote imo katika jambo hili: mkondo unaozunguka ndani ya jicho huingia katika kila fundo lililo kando ya jicho hilo na kutoka humo humo kwa kiasi kile kile. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya Kirchhoff, ile ya fundo, imekwisha kutimizwa yenyewe kabla ya kuandika mlinganyo wowote. Inabaki sheria ya kitanzi peke yake, na mlinganyo mmoja kwa kila jicho. Katika mfano huu milinganyo imepungua kutoka mitatu hadi miwili, akiba ambayo ni ndogo. Katika sakiti kubwa akiba hiyo ndiyo inayoifanya kazi iwezekane kwa mkono.

Kinachowadanganya wanafunzi zaidi ni kwamba katika matawi ya pembeni, yale yasiyoshirikiwa na macho mawili, mkondo wa jicho na mkondo wa tawi huwa na thamani moja. Katika betri nzima J1 ni ampea 2, na ameta nayo inasoma 2. Mwanafunzi akianza na tawi la namna hiyo huamini kwamba amekwisha kuuona mkondo wa jicho kwa macho yake, kisha anapofika katika uzi wa pamoja husahau kutoa.

Kwa maoni ya makala haya, dawa ya kosa hili haipatikani kwa kubuni nomino mpya. Istilahi mkondo wa jicho na mkondo wa tawi zinatosha. Kinachohitajika ni nidhamu ya vitenzi. Mkondo wa jicho huzunguka. Mkondo wa tawi hupita. Mkondo wa jicho huwekwa au hudhaniwa. Mkondo wa tawi hupimwa. Mwalimu anayesema “J1 inapita katika taa” ameharibu somo kwa kitenzi kimoja. Akisema kwamba “J1 na J2 zinazunguka kila moja katika jicho lake, na tofauti yake ndiyo inayopita katika taa,” sarufi yenyewe imembebea mwanafunzi sehemu ngumu ya hoja. Kiswahili kina utajiri mkubwa wa vitenzi vya mwendo, navyo havijatumiwa vya kutosha katika uandishi wa sayansi, ambao kwa miaka mingi umeshughulika zaidi na orodha za nomino.

Jambo hili lina uzito nje ya fizikia. Nchini Kenya fizikia ya shule za upili hufundishwa kwa Kiingereza, ilhali wanafunzi wengi huelezana kwa Kiswahili nje ya darasa. Nchini Tanzania Tume ya Rais ya Elimu ilipendekeza mwaka wa 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumiwa katika shule za sekondari tangu 1985, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Katika mijadala ya namna hiyo hoja ya upungufu wa istilahi haikosi kutajwa. Hoja hiyo ilipata jibu zuri mwaka wa 1990, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Hata hivyo kamusi ya istilahi, iwe nzuri namna gani, humpa mwalimu majina ya vitu. Haimwambii ni kipi huzunguka na ni kipi hupita. Kazi hiyo ni ya waandishi, na hufanywa kwa kuandika aya nzima nzima za maelezo.

Jicho, tundu au kitanzi

Wapo watakaopendelea tundu badala ya jicho, na hawana kosa kwa upande wa matumizi, kwa kuwa wavuvi na maafisa wa uvuvi huzungumza juu ya nyavu za matundu madogo kama wanavyozungumza juu ya nyavu za macho madogo. Lakini fizikia ina haja ya neno tundu mahali pengine. Katika nadharia ya vitu ambavyo si vipitishaji kamili vya umeme wala si vizuizi kamili, vile ambavyo transista hutengenezwa kwavyo, nafasi iliyoachwa na elektroni iliyoondoka huhesabiwa kama kitu chenye chaji chanya kinachotembea, na jina linaloifaa nafasi hiyo ni tundu. Ingekuwa bahati mbaya sana somo moja liwe na tundu linalotembea na tundu linalozungukwa. Jicho, ingawa lina maana nyingi, halina mgongano wa namna hiyo hapa.

Kitanzi nacho hakifai kushika nafasi ya jicho, kwa sababu kina kazi yake. Kitanzi ni njia yoyote iliyofungwa. Katika sakiti ya betri mbili vitanzi ni vitatu: vile viwili vya macho, na kile kinachozunguka nje kwa kupitia betri zote mbili bila kugusa taa. Macho ni mawili tu, kwa maana kitanzi cha nje kina uzi ndani yake. Kila jicho ni kitanzi, wala si kila kitanzi ni jicho. Mwanafunzi asiyeshika tofauti hii huandika milinganyo mitatu na kustaajabu kwamba wa tatu haumwambii neno jipya. Haumwambii kwa sababu ni jumla ya ile miwili.

Idadi ya milinganyo inayotakikana ilielezwa na Kirchhoff mwenyewe katika makala yake ya 1847: toa idadi ya mafundo katika idadi ya matawi, kisha ongeza moja. Hapa ni 3 − 2 + 1, yaani 2. Ni jambo la kupendeza kwamba hesabu hii ya mafundo na nyuzi ilifanywa na mtu wa Königsberg, mji uitwao sasa Kaliningrad, nchini Urusi. Madaraja saba ya mji huo huo ndiyo yaliyokuwa yamemfanya Leonhard Euler, zaidi ya karne moja kabla yake, aulize kama mtu anaweza kuyapita yote bila kurudia hata moja. Jibu la Euler lilikuwa la. Somo la nyavu lilianzia hapo.

Uzi uliokatika

Iko hali moja ambayo njia ya macho haiendi kama ilivyoelezwa. Na ifikiriwe kwamba mahali pa taa pamewekwa kifaa kinachovuta mkondo usiobadilika wa ampea 5, hata volteji iweje. Kitanzi cha jicho la kwanza sasa hakiandikiki, kwa sababu volteji ya kifaa hicho haijulikani, wala haiwezi kupatikana kwa kuzidisha mkondo na ukinzani.

Mvuvi anajua la kufanya, ingawa yeye huliona kama hasara: uzi ulio kati ya macho mawili ukikatika, macho mawili huwa moja. Mhandisi huukata uzi huo kwa makusudi, katika mawazo, na kuandika mlinganyo mmoja wa lile jicho pana lililobaki. Betri nzima inapandisha 12, iliyochoka inashusha 9, na omu mbili zinatumia J1 na J2. Hivyo J1 + J2 = 3. Mlinganyo wa pili unatolewa na kifaa chenyewe: tofauti ya mikondo ya macho ni ampea 5, yaani J1 − J2 = 5. Jibu ni J1 = 4 na J2 = −1. Alama ya hasi ina habari: kwa mzigo mzito namna hii betri iliyochoka imeacha kunywa, na sasa inatoa ampea 1. Kifaa kikivuta ampea 3 tu, J2 huwa sifuri, na betri ile hukaa kimya kabisa, haitoi wala haipokei.

Daraja, na mpaka wa njia

Mfano unaoidhihirisha vizuri zaidi tofauti ya kuzunguka na kupita ni ule uitwao daraja la Wheatstone. Charles Wheatstone aliutangaza mwaka wa 1843, ingawa Samuel Hunter Christie alikuwa ameueleza tangu 1833. Betri inasimama upande wa kushoto. Kutoka fundo la juu zinashuka njia mbili hadi fundo la chini, kila moja ikiwa na vikinza viwili, na katikati ya njia hizo mbili umelazwa uzi wenye kipimo cha mkondo. Mafundo ni 4, matawi ni 6, macho ni 3: jicho la betri, jicho la juu ya kipimo, na jicho la chini yake. Vitanzi ni 7, lakini visimtishe mtu.

Njia ya kushoto na ipewe omu 2 juu na 4 chini. Ya kulia omu 3 juu na 6 chini. Betri volti 18. Milinganyo mitatu ikitatuliwa, jicho la betri linapata ampea 5, jicho la juu ampea 2, na jicho la chini ampea 2. Katika vikinza vya kushoto inapita tofauti ya 5 na 2, yaani ampea 3. Katika vile vya kulia, vilivyo pembeni, zinapita ampea 2. Na katika kipimo? Jicho la juu linazungusha ampea 2 kuelekea kushoto, jicho la chini linazungusha ampea 2 kuelekea kulia, na sindano ya kipimo haisogei hata kidogo. Anayeamini kwamba mikondo ya macho ni maji yanayopishana atalazimika kusema kwamba umeme mwingi unakwenda na kurudi katika waya ambao, kwa ushahidi wa chombo, umekufa kabisa. Kwa karne nzima na zaidi ukinzani usiojulikana umepimwa kwa kuitafuta hali hiyo ya sindano kulala, kwa sababu hapo uwiano wa vikinza vya kushoto, 2 kwa 4, huwa ndio uwiano wa vile vya kulia, 3 kwa 6.

Njia hii ina mpaka, na mpaka huo umo ndani ya neno lenyewe. Macho huhesabika katika wavu uliotandazwa. Sakiti ambayo haiwezi kuchorwa bapa bila waya kuvuka juu ya waya haina macho, ina vitanzi tu. Umbo la nje halina hoja hapa: tenga la kubebea kuku limesukwa likawa duara, lakini mdomo wake ukipanuliwa mpaka lilale chini, kila jicho linabaki mahali pake, na mdomo unakuwa ukingo wa nje. Sakiti yenye umbo la tenga inafumbulika kwa njia ya macho bila shida. Isiyofumbulika ni ile ambayo, kwa mfano, ina mafundo 5 na kila moja limeunganishwa na yote mengine kwa matawi 10. Au ile ya nyumba tatu na visima vitatu, ambayo kila nyumba inataka njia yake mpaka kila kisima bila njia kukatana. Mwaka wa 1930 Kazimierz Kuratowski, mwanahisabati wa Poland, alithibitisha kwamba umbo lolote lisilotandazika lazima liwe na mojawapo ya hayo mawili ndani yake.

Ikifika hapo wahandisi hugeukia mafundo. Badala ya kuuliza ni mkondo gani unaozunguka katika kila jicho, wanauliza ni volteji gani iliyopo katika kila fundo, na sheria ya kitanzi ndiyo inayojitimiza safari hii, huku ile ya fundo ikiandikiwa milinganyo. Njia hiyo ya pili haihitaji wavu uliotandazwa, kwa kuwa mafundo huhesabika hata wavu ukiwa umekunjwa ndani ya mtumbwi.